Begi linafia kwenye maungio: jibu kwa dada wa Kimara anayetafuta begi la begani la kila siku

Swali lenyewe lilikuja hivi: "Habari fundi. Naishi Kimara, kazi yangu iko Posta, nenda rudi kwa mwendokasi siku sita za wiki. Nabeba laptopu ya inchi 14 na chaja yake, hotpoti ya chakula, chupa ya maji ya lita moja, mwavuli na kipochi. Ndani ya mwaka mmoja nishanunua mabegi matatu. La kwanza la kitambaa lilikatika mkanda nikiwa kituo cha Fire, laptopu ikaenda chini. La pili la leza limeanza kumenyuka. La tatu zipu haifungi, unavuta inafunga mbele inaachia nyuma. La mgongoni sitaki, kwenye kubanana kule mtu anakufungua nyuma na wewe hujui. Nina elfu 70. Nichukue leza au kitambaa, jipya au mtumba, na brandi gani?"

Pole sana dada yangu, hasa kwa iyo laptopu. Mi nashona na kutengeneza mabegi Kariakoo, na nikisoma maelezo yako naona mabegi matatu yenye vifo vitatu tofauti. La kwanza limeuliwa na mshono. La pili limeuliwa na joto na unyevu wa mji wetu huu. La tatu wala halijafa, lina kidude kimoja kimechoka na fundi anakibadilisha umesimama hapo hapo unamsubiri. Alafu angalia kitu kimoja, katika yote matatu hamna hata moja ambalo kitambaa kilichanika katikati. Begi linafia kwenye maungio, pale mkanda unapoingia kwenye mwili wa begi, pale pete ilipokaa, pale zipu inapokata kona. Ndo maana swali la leza au kitambaa ntalijibu ila baadae, na la brandi baadae zaidi, maana watu wengi wanaanza na hayo wanaishia kurudi kwangu na mkanda mkononi.

Kwanza jua unabeba nini. Laptopu ya inchi 14 na chaja yake ni kama kilo mbili, maji lita moja ni kilo moja kamili, hotpoti ikishajaa wali na maharage nayo inafika kilo au inapita, weka mwavuli, kipochi na uzito wa begi lenyewe, hapo uko kwenye kilo tano sita. Na izo ni kilo ukiwa umesimama umetulia. Ukikimbilia basi, au dereva akikanyaga breki na begi likarushwa mbele, ule mvuto wa ghafla kwenye mkanda unazidi kilo sita mara mbili na zaidi, na hata kutembea kwa kawaida kila hatua ni mvuto mdogo, sasa zidisha hatua zako za siku mara siku sita za wiki. Kwa hiyo mkanda haukatiki siku ya mzigo mkubwa, unakatika siku yoyote tu, umekuwa ukichoka kidogo kidogo tangu siku ya kwanza.

Juzi juzi nilifungua begi la mteja mwingine ambalo nahisi ni ndugu yake na lile lako la kwanza. Jeusi, zuri kwa nje, kitambaa kigumu tu, limekatika upande mmoja. Nikafumua mshono wa ubavuni kwa wembe taratibu nione mkanda ulishikwaje. Ulikuwa umeingizwa ndani ya mshono chini ya sentimita moja, yani kama urefu wa punje ya mchele, umepitiwa na mshono mmoja tu, tena kwa uzi mwembamba wa kushonea mashati. Kingo ya kitambaa pale ilikuwa haijafunikwa na kitu, nyuzi zimechomoka zimening'inia kama ndevu za mahindi. Hapo mkanda wenyewe mzima, kitambaa kizima, uzi mzima kwa sehemu kubwa, kilichokosekana ni akiba. Fundi nguo akikushonea suruali anaacha akiba ndani ili siku ukinenepa ifumuliwe, sasa begi linahitaji akiba kuliko suruali, maana suruali haibebi laptopu. Aliyelishona lile begi alibana akiba ili mabegi mengi yatoke kwenye jora moja.

Mshono wa mkanda mzuri unaonekana kwa macho, huhitaji ufundi. Mkanda uwe umeingia na kulala juu ya mwili wa begi sentimita nne au tano, sio kuchungulia tu mshononi. Juu yake uone mraba ulioshonwa pande zote nne na ndani ya mraba kuna alama ya msalaba kutoka kona mpaka kona, ule msalaba ndo unagawa mvuto kwenye mshono wote badala ya kuubebesha mstari mmoja. Nyuma yake, kwa ndani, pawe na kiraka cha kitambaa kingine kigumu au leza, ukishika kwa vidole viwili unasikia unene. Kizuri kuliko vyote ni mkanda ambao haukushonwa juu tu, unashuka ubavuni unapita chini ya begi unapanda upande wa pili, kwamba mzigo umekaa juu ya mkanda, haujaning'inia kwenye uzi. Angalia vikapu vya ukili wanavyosuka mama zetu huku pwani, vingi ule mkono wake haukushikizwa ukingoni peke yake, umeshonewa ukashuka chini kabisa, na mtu anabebea nazi na muhogo miaka.

Kwa hiyo ukifika dukani usianze kuangalia mifuko mingapi ina. Ligeuze ndani nje. Kweli, ingiza mkono vuta bitana nje, fungua zipu ya ndani ya bitana kama ipo, uone kingo za mshono zimefunikwa na ule utepe mwembamba au zimeachwa wazi. Zikiwa wazi na unaona tayari zinatoa nyuzi na begi liko dukani bado, rudisha. Alafu angalia stichi zenyewe. Watu wanadhani stichi ndogo ndogo zilizobanana ndo imara, kumbe kila stichi ni tundu, ukitoboa matundu mengi karibu karibu unapata kama stempu ya posta, inachanika kwa mstari. Kwenye mkanda stichi tatu kwa kila sentimita zinatosha kabisa, ila ziwe za uzi mnene. Na uzi uwe wa nailoni au poliesta, usiwe wa pamba.

Hili la uzi wa pamba lina historia kwangu. Nilipoanza nilishona mabegi ya kitambaa mazuri sana kwa uzi wa pamba, nilikuwa napenda unavyokaa, haung'ai, mabegi yakatoka nikalipwa. Masika ikaingia, Machi hadi Mei, mabegi yakanyeshewa yakakauka yakanyeshewa tena, na mpaka mvua zinaisha wateja wanne walikuwa wamerudi, uzi ulioza ndani ya mshono, unavuta unaachia kama tambi iliyoiva. Niliwashonea upya bure, na kuanzia hapo sijarudia. Kama unataka kujua uzi ni wa aina gani, chomoa kipande kidogo kinachoning'inia ndani ya begi ukifika nyumbani ukiwashie kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi inabaki majivu, nailoni na poliesta inayeyuka inajikunja inabaki na kidonge kigumu.

Tukija kwenye vyuma. Zile pete na ndoano nene za dhahabu dhahabu zinazong'aa, ambazo dada zetu wengi wanazipenda, nyingi ni aloi ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu. Zinapendeza na ni nzito mkononi, ila tatizo lake hazipindi, zinavunjika. Chuma cha pua au waya wa chuma ukizidiwa unaanza kupinda unakupa taarifa, zinki haikupi taarifa, inakatika tu pu, na ukiangalia pale ilipokatika unaona rangi ya kijivu chenga chenga kama sukari. Beba kasumaku kadogo, hata kale ka mlango wa friji. Sumaku ikinasa, hicho ni chuma, vizuri, ila angalia kama pete imeunganishwa mwisho wake au imekunjwa tu ikaachwa na mwanya, maana ile yenye mwanya mkanda unatoka wenyewe taratibu. Sumaku isiponasa, mara nyingi kwa mabegi ya bei zetu hizo ni zinki, japo shaba nayo hainasi na shaba ni nzuri, ni vile tu hutaikuta kwenye begi la bei rahisi. Plastiki nayo usiidharau, bizimu ya plastiki nene isiyong'aa inanishinda kuivunja kwa mkono na haipati kutu, na sisi tunaishi na upepo wa chumvi.

Mkanda wenyewe, upana wake usipungue sentimita nne, tano ndo raha. Mkanda wa sentimita mbili na nusu unabeba bila kukatika, ila unaokatika ni wewe, kilo zile zile zimekaa kwenye nusu ya eneo, jioni bega lina mstari mwekundu. Alafu kuna kile kidude cha kuongezea na kupunguzia urefu. Kijaribu dukani, pandisha mkanda juu, weka uzito, chezesha begi juu chini mara ishirini uone kama unateleza. Mkanda wa nailoni laini sana unaong'aa kwenye kidude cha plastiki laini unateleza kila siku, utakuwa unatoka Kimara begi liko kiunoni ukifika Posta liko gotini.

Sasa lile la pili lililomenyuka. Kinachoitwa leza bandia ni kitambaa kilichopakwa ngozi nyembamba ya poliyurethani, wauzaji wanaita PU. Iyo poliyurethani ina adui mmoja mkubwa, maji yaliyo hewani pamoja na joto. Mvuke unaingia taratibu unakata vifungo vyake vya kikemia, inakuwa inaoza ndani kwa ndani, na siku unaona ufa wa kwanza kwenye kona basi kazi ilishaisha muda mrefu. Haijalishi umelitunza kabatini, wakati mwingine la kabatini ndo linaharibika haraka zaidi maana halipati hewa. Kwa mji wenye joto na unyevu kama Dar, begi la PU la kila siku ni begi lenye tarehe ya kuisha, na likishaanza kumenyuka hamna fundi wa kulirudisha. Watu wananiletea na gundi, na rangi ya viatu, nawaambia ukweli, hela yako usiipoteze.

Ngozi halisi ni habari nyingine, naipenda, na nchi yetu ina ng'ombe wengi, mafundi wa ngozi wapo wazuri. Ila kwa elfu 70 na begi la kuingia laptopu sikushauri, ukipewa ngozi halisi ya ukubwa huo kwa bei hiyo mara nyingi ni lile tabaka la chini lililopasuliwa likapakwa plastiki juu, au makombo ya ngozi yaliyosagwa yakagandishwa, na hayo yanapasuka kama PU tu. Ngozi nzuri angalia kwenye kingo iliyokatwa, unaona nyuzi nyuzi za ngozi kutoka juu mpaka chini, ile bandia unaona kitambaa chini na plastiki juu kama mkate uliopakwa siagi. Na hata ukipata nzuri ni nzito, na masika inaota ukungu usipoipangusa na kuianika kivulini. Kwa kilo sita zako begini na kusimama mpaka Posta, usijiongezee kilo ingine ya begi tupu.

Kwa hiyo jibu ni kitambaa. Utasikia wauzaji wanataja namba na herufi D, 600D, 1000D, iyo D ni denia, maana yake ni uzito kwa gramu wa uzi ule ukiwa na urefu wa mita 9,000. Namba ikipanda uzi ni mnene. Kwa matumizi yako poliesta ya 600D inatosha kabisa, ukipata nailoni ya 1000D kama Cordura umepata kitu kitakachodumu kuliko jozi tano za viatu vyako. Nailoni inashinda poliesta kwa kusuguliwa, poliesta inashinda nailoni kwa jua, zote zinafaa. Ila namba peke yake isikupumbaze maana mtu anaweza kushona 1000D kwa mshono wa sentimita moja kama niliokwambia. Geuza kitambaa uangalie mgongo wake, utakuta umepakwa kitu cha kuzuia maji. Pitisha dole gumba kwa nguvu, ukiona unga unatoka au panashika kama pipi iliyolambwa, acha, hata kama kwa nje kinang'aa. Kanvasi ya pamba nayo ni nzuri na inashoneka vizuri sana, ila ikinyeshewa inanywa maji inakuwa nzito na inachelewa kukauka, na wewe laptopu iko ndani.

Kuna kitambaa kingine ambacho watu hawakifikirii, turubai la lori. Kule Zürich, Uswisi, mwaka 1993 ndugu wawili, Markus na Daniel Freitag, walianza kushona mabegi ya begani kwa maturubai ya malori yaliyochakaa, mkanda wakaweka mkanda wa gari wa usalama, kingo wakafunika na tyubu za baiskeli, na mpaka leo wanauza, tena ghali. Malori yanayotoka bandarini kwetu hapa ni mengi kiasi gani, na mkanda wa gari chakavu unapatikana. Nishashona mawili ya hivyo kwa ajili ya madereva bodaboda, hayapitishi tone. Ni mazito kidogo na yana harufu mwanzoni, ila kama utakuja kupenda kushonesha badala ya kununua, lifikirie.

Zipu. Lile la tatu linalofunga mbele na kuachia nyuma, meno yake ni mazima asilimia kubwa, kilichochoka ni kichwa cha zipu, kile kinachovutwa. Kila ukivuta kinalika kidogo kwa ndani mdomo wake unapanuka, hakibani meno tena. Fundi anang'oa cha zamani anaweka kipya cha namba ile ile, basi. Wengine wanakibana na koleo, inafanya kazi wiki mbili tatu alafu kinapasuka, kwa dharura sawa. Ukinunua jipya angalia upana wa meno yakiwa yamefungwa, namba ya zipu inaenda karibu na upana huo kwa milimita, kwa hiyo namba 5 ni kama milimita tano, namba 10 ni kama kumi, na mara nyingi namba imeandikwa nyuma ya kichwa. Mdomo mkubwa wa begi lako uwe na namba 8 au 10, namba 5 iishie kwenye mifuko midogo, namba 3 hata mfukoni siitaki. YKK, kampuni ya Kijapani aliyoianzisha Tadao Yoshida mwaka 1934, wanatengeneza zipu nzuri kweli, ila jina lao linaigizwa sana kwa hiyo usisome jina ukaridhika, fungua na kufunga mara kumi, tena begi likiwa limejazwa na limepinda, kona ndo inasema ukweli. Chagua zipu ya nailoni ile ya msokoto au ya meno makubwa ya plastiki, zipu ya chuma kwa hewa yetu ya bahari inaota kutu au unga mweupe. Ikianza kuwa ngumu paka mshumaa kwenye meno, sio mafuta ya kula, mafuta yanakamata vumbi.

Kuhusu usalama niseme kitu ambacho kinanisumbua moyoni. Ndani ya basi vaa mkanda kwa kuukatiza kifuani, begi lije mbele tumboni, kichwa cha zipu kiwe upande wa mkono wako, na kama utapata begi lenye mfuniko unaolala juu ya zipu chukua hilo, linamchelewesha mwenye wembe na linazuia mvua kwa wakati mmoja. Ila ukishuka, ukawa unatembea kando ya barabara, usikatize mkanda kifuani. Wanaopora kwa bodaboda na magari wanavuta begi huku wanaondoka, na mkanda imara niliokueleza hapo juu hautakatika, utakuburuza wewe. Hamisha uwe bega moja, upande wa majengo sio upande wa barabara. Laptopu inanunuliwa.

Ukubwa, chukua kipimo cha laptopu yako, nyingi za inchi 14 zina upana wa sentimita 32 au 33, basi begi la ndani sentimita 38 linatosha, likizidi hapo utalijaza. Mfuko wa laptopu uwe na sponji na, hapa angalia sana, chini yake usigusane na sakafu ya begi, uwe umening'inia juu angalau sentimita mbili, ndo siku ukilitua kwa nguvu au likaanguka, laptopu haipigi chini. Lile lako la Fire lingekuwa na mwanya huo labda laptopu ingesalimika. Hotpoti isikae bega kwa bega na laptopu. Zamani tulikuwa tunafungia kwenye rambo mchuzi ukamwagikia humo, tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko hiyo ilipopigwa marufuku watu wengi wanaweka hotpoti hivi hivi, kwa hiyo tafuta begi lenye chumba chake cha kando chenye bitana ya kupanguswa, au mwambie fundi akuwekee kifuko cha turubai jepesi humo ndani.

Mtumba au jipya? Kama una asubuhi ya kuchagua, nenda Karume. Begi la mtumba limeshafanyiwa majaribio na mtu mwingine, kama mkanda wake umetumika na maungio yako sawa, huo ni ushahidi ambao begi jipya halina. Kanuni ya dole gumba ndani iko pale pale, maana mtumba wa nje unaweza kuwa haujatumika kabisa ila umekaa stoo miaka na ule upako wa ndani umeshayeyuka unanata. Nusa pia, harufu ya ukungu haitoki. Kama unataka jipya, mtaa wa Kongo na Msimbazi na vichochoro vyake. Jina la Kariakoo lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha Waingereza cha wapagazi wa vita ya kwanza ya dunia, watu walioswagwa kubeba mizigo ya jeshi kichwani na mabegani, na wengi hawakurudi kwao. Kila nikishona mkanda pale huwa nawakumbuka.

Nenda na chupa mbili za maji za lita moja na nusu au dumu la lita tano kama utaweza, tumbukiza kwenye begi, lining'inize mkononi alafu lirushe juu chini mara kumi huku unaangalia maungio. Ukiona mshono unafunguka meno, unaona uzi kati ya vipande viwili, umeshapata jibu. Muuzaji anayelijua begi lake atakuacha. Anayekukataza, muage kwa heri. Brandi sikutajii dada yangu, kwa Kariakoo jina lililoandikwa kifuani linashonwa mahali popote.

Na elfu 70 usiimalize dukani. Tafuta begi la elfu 45 au 50 lenye kitambaa kizuri na zipu nzuri, hata kama mkanda wake umeshonwa vibaya, alafu kabla hujalivaa hata siku moja lipeleke kwa fundi. Usimwambie "niimarishie" maana atapitisha mshono mmoja juu ya ule wa zamani, hapo ameongeza matundu tu. Mwambie hivi: fumua pande zote mbili, weka kiraka kwa ndani, ingiza mkanda sentimita tano, piga mraba na msalaba, uzi wa nailoni wa kushonea viatu, na mwisho wa mkanda uchomwe moto ili usitoe nyuzi. Fundi awe na cherehani nzito ya ngozi, ile ya nguo sindano yake inavunjika au inaruka stichi kwenye unene huo. Kama begi lina pete za zinki, azitoe aweke za chuma. Kazi hiyo haifiki saa moja.

Kulitunza hamna mengi. Likinyeshewa lisifungwe kabatini, toa kila kitu, ligeuze kichwa chini kivulini penye upepo. Mara moja kwa mwezi pitisha kidole kwenye maungio yote mawili, ukikuta uzi mmoja umekatika lilete hiyo hiyo wiki, uzi mmoja ni dakika tano, ukisubiri unakuwa mkanda. Na badilisha bega, asubuhi kulia jioni kushoto.

Lile la zipu lipeleke kesho ukitoka kazini, usinunue kitu kabla ya hapo, maana inawezekana begi unalolitafuta unalo tayari. Na la kwanza lililokatika Fire kama hujalitupa, ligeuze ndani uangalie kitambaa kimechanika kiasi gani pale ubavuni. Kama mchaniko haujapita vidole vinne, usilitupe, beba uje nalo. Lile lililomenyuka kata mkanda na pete uzihifadhi, zitafaa.